Una leseni ya LPN: uendelee na RN lini? Mwongozo kamili kwa wauguzi wetu walioko Marekani

Jina lako likishaonekana kwenye tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo kama LPN, yaani muuguzi wa vitendo mwenye leseni, swali halikawii. Shangazi anapiga simu kutoka Kisii kuuliza RN, ngazi ya muuguzi aliyesajiliwa, unaanza lini. Kazini, waliokutangulia wanakwambia upumzike kwanza, uonje pesa yako kidogo. Mwenzako wa kanisani anakuonya kwamba ukikaa nje mwaka mmoja hutarudi darasani tena. Wote wanakutakia mema, ila wanakujibu kana kwamba una swali moja, na wewe unayo mawili.

Tuelewane hapa kabla ya hatua yoyote. Kutoka LPN (Texas na California huitwa LVN) kwenda RN hakuamuliwi kwa mara moja. Kuna uamuzi wa kuanza masomo ya awali: anatomia na fiziolojia, mikrobiolojia, Kiingereza, saikolojia, takwimu. Halafu kuna uamuzi wa kuingia kwenye programu yenyewe, ile yenye siku za mafunzo hospitalini. Wa kwanza unaweza kuufanya mapema, hata ukiwa na watoto wadogo na madeni. Wa pili unabadilisha mshahara, usingizi na nyumba nzima. Wengi wanaokwama wameyafunga mambo haya mawili kwenye fundo moja. Wengine wanangoja kila kitu kikae sawa ndipo waguse somo la kwanza, na miaka inapita. Wengine wanajitosa kwenye vyote kwa pamoja wakiwa bado wanafanya zamu mbili mfululizo, wanaanguka somo muhula wa kwanza, na wanaamini hawana akili ya RN. Akili wanayo. Walikosea kalenda.

Hatua ya 1: Toa vyeti vya nyumbani kwenye bahasha

Kabla hujalipa hata dola moja, angalia ulichokuja nacho.

Kama ulisomea uuguzi nyumbani na ukasajiliwa, kwa mfano una diploma ya KRCHN kutoka Kenya au stashahada ya uuguzi kutoka Tanzania, huenda huhitaji programu ya LPN kwenda RN hata kidogo. Wako wauguzi wengi waliofika hapa wakiwa na haraka ya kazi, wakachukua njia ya CNA (msaidizi wa muuguzi) na kisha LPN, na hakuna aliyewaambia kwamba wangeweza kuomba masomo yao yatathminiwe, kwa mfano kupitia CGFNS, taasisi ya kutathmini vyeti vya wauguzi ambayo siku hizi inaitwa TruMerit, kisha waombe ruhusa ya kufanya mtihani wa leseni ya RN, NCLEX-RN, moja kwa moja. Kila jimbo lina masharti yake kuhusu saa za mafunzo na mtihani wa Kiingereza. Andikia bodi ya jimbo lako, uliza kwa maandishi, na subiri jibu. Barua pepe moja inaweza kukuokolea miaka miwili.

Kama una shahada ya kitu kingine, iwe ualimu, biashara au kilimo, kuna programu za haraka za BSN (shahada ya kwanza ya uuguzi) kwa watu wenye shahada tayari, na nyingi huchukua miezi 12 hadi 18. Ni ngumu, na kufanya kazi ukiwa ndani yake karibu haiwezekani. Shahada yako itabidi itathminiwe na taasisi kama WES au ECE. Na jambo hili lijue mapema: mtu mwenye shahada ya kwanza hapati Pell Grant, ruzuku ya serikali ambayo hairudishwi, hata kama shahada hiyo ni ya Nairobi au Dar es Salaam. Watu hupanga bajeti nzima juu ya pesa hiyo na kuambiwa ukweli wiki moja kabla ya masomo.

Mwisho, chukua transkripti ya shule yako ya LPN. Shule nyingi za ufundi hazitoi masomo yanayohamishika chuoni. Ulisoma anatomia, ndiyo, lakini chuo kinaweza kukuambia uisome upya. Uliza kama shule yako ina makubaliano na chuo chochote cha jamii (community college), kisha upeleke transkripti kwenye vyuo viwili au vitatu vilinganishwe.

Hatua ya 2: Ujue RN ni ya nini kwako

Takwimu za Idara ya Kazi za mwaka 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa LPN ulikuwa dola 62,340 kwa mwaka, na wa RN dola 93,600. Tofauti hiyo ni ya kweli. Lakini LPN aliyezoea ovataimu kwenye nyumba ya wazee anaweza kumzidi RN mgeni wa hospitali mwaka wa kwanza, kwa hiyo ukienda kwa ajili ya pesa peke yake, jiandae kusikia maumivu mwanzoni.

Sababu yenye nguvu zaidi ni milango. LPN wengi wako kwenye nyumba za wazee na huduma za majumbani, na katika majimbo mengi kuna mambo ambayo sheria haiwaruhusu: tathmini ya kwanza ya mgonjwa, dawa fulani za kwenye mshipa, upangaji wa huduma. Kama moyo wako uko kwenye chumba cha kujifungulia, wodi ya mahututi au dharura, mlango huo unafunguliwa na RN.

Na kama unaipenda kazi yako na wazee, unalipwa vizuri, na umebakiza miaka michache kazini, unaweza kuamua kubaki LPN kwa heshima zote. Wazee wanaohudumiwa na LPN mwenye uzoefu na subira hawapungukiwi na kitu. Usisome kwa sababu ya aibu ya kuulizwa na ndugu.

Hatua ya 3: Anza somo moja la awali sasa

Hapa mimi sina kigugumizi: anza. Mradi leseni yako ni safi na una pa kulala, chukua somo moja muhula ujao kwenye chuo cha jamii.

Ila usianze kiholela. Vyuo vingi hukataa masomo ya sayansi yaliyopita miaka 5, vingine 7. Ukimaliza anatomia leo halafu ukakaa miaka sita, unaweza kuilipia tena. Kwa hiyo masomo yasiyozeeka haraka yatangulie kama bado uko mbali na programu: Kiingereza, saikolojia, makuzi ya binadamu, takwimu. Anatomia na mikrobiolojia ziwe karibu na tarehe unayotarajia kuingia, ndani ya miaka miwili au mitatu hivi.

Chukua moja moja. Vyuo husema alama ya C inatosha, lakini nafasi ni chache na wanaochaguliwa wana A na B. Baadhi ya vyuo huhesabu mara ulizorudia somo, na vingine hukataa kabisa aliyerudia mara mbili. A moja kwa muhula inakufikisha mbali kuliko C tatu zilizopatikana kwa kulia. Na hilo somo moja litakupa habari ambayo hakuna rafiki anayeweza kukupa: kama unaweza kusoma baada ya zamu ya usiku, kama watoto wanakuachia saa mbili, kama Kiingereza cha vitabu vya chuo kinakuelemea na unahitaji kuimarisha kusoma kwanza.

Uliza pia mtihani wa kuingilia ni upi: TEAS, HESI A2, au ule wa NLN kwa LPN unaoitwa NACE. Kila chuo kina wake, na matokeo nayo yana muda wake.

Hatua ya 4: Uzoefu kiasi gani?

Programu nyingi zinataka leseni hai isiyo na doa. Baadhi zinataka pia miezi kadhaa ya kazi. Maoni yangu ni kwamba miezi sita hadi mwaka mmoja wa kazi ya LPN ni mali. Unajifunza kugawa dawa kwa wagonjwa wengi bila kuchanganyikiwa, kumpigia daktari saa tisa za usiku ukiwa na taarifa kamili, na kuona mgonjwa amebadilika kabla vipimo havijasema. Hayo darasa haliwezi kukupa.

Baada ya hapo uzoefu hauongezi sana upande wa shule, na una hatari yake. Mtihani wa NCLEX-RN, ambao tangu Aprili 2023 umejaa visa vya wagonjwa vinavyopima jinsi unavyofikiri, unauliza utamhudumia nani kwanza, kazi gani umkabidhi msaidizi, dalili gani haiwezi kungoja. LPN wa miaka mingi hujibu kwa kile tunachofanya kazini kwetu, na mara nyingi ndicho jibu lisilotakiwa. Pia amezoea kumpelekea RN taarifa; sasa yeye ndiye anayepelekewa. Kama umeshakaa kazini miaka 10, usivunjike moyo, ila tenga muda mrefu zaidi wa kujizoeza maswali ya mtindo huo kuliko kijana aliyetoka shule jana.

Hatua ya 5: Hesabu ya pesa

Hapa ndipo uamuzi wa pili unapokaliwa chini, na karo si sehemu kubwa ya hesabu. Sehemu kubwa ni saa za kazi utakazopoteza.

Chukua mfano. LPN analipwa dola 30 kwa saa na anafanya saa 56 kwa wiki. Saa 40 ni dola 1,200. Saa 16 za ovataimu kwa dola 45 ni dola 720. Jumla 1,920 kwa wiki kabla ya kodi. Akiingia programu na kushuka hadi saa 24, anapata 720. Amepungukiwa dola 1,200 kila wiki. Kwa muhula wa wiki 15 ni dola 18,000, na kwa mihula mitatu ni dola 54,000. Karo ya chuo cha jamii haiwezi kufika huko.

Sasa geuza upande wa pili. Akishakuwa RN wa dola 42 kwa saa, kwa saa 40 za wiki anapata dola 480 zaidi ya LPN wa saa 40 hizohizo, takriban 25,000 kwa mwaka. Kwa kipimo hicho atarudisha alichopoteza kwa miaka miwili na kidogo, ingawa wiki yake ya dola 1,680 bado ni pungufu ya ile ya 1,920 iliyokuwa na saa 16 za ziada ambazo mgongo wake usingezivumilia milele. Weka namba zako badala ya hizi. Zikionyesha miaka minane, programu uliyochagua ni ghali mno au unapunguza saa kupita kiasi.

Kabla ya kupunguza saa, muulize mtu wa rasilimali watu kazini swali moja: bima ya afya inakatika nikishuka chini ya saa ngapi? Kwa waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi, sheria ya shirikisho inahesabu saa 30 kwa wiki kuwa ajira kamili. Chini ya hapo mwajiri halazimiki kukupa bima. Kwa familia yenye watoto, kupoteza bima katikati ya muhula ni tatizo kubwa kuliko anatomia.

Upande wa misaada, jaza mapema FAFSA, fomu ya kuomba misaada ya masomo ya serikali. Pell Grant kwa mwaka wa masomo 2025–26 ilifika dola 7,395, na ina ukomo wa mihula 12 maishani, kwa hiyo usiitumie kwenye masomo usiyoyahitaji. Raia, wenye kadi ya kijani, na waliopewa ukimbizi au hifadhi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo, wamo kwenye makundi yanayoweza kuomba. Mwenye visa ya mwanafunzi ya F-1 hayumo.

FAFSA huangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Maana yake, ule mwaka uliopiga ovataimu bila kulala unaweza kukunyima ruzuku mwaka ambao uko darasani na kipato kimeshuka. Usikate tamaa hapo. Nenda ofisi ya misaada ya chuo, waeleze kwamba kipato kimebadilika, peleka hati za mshahara, na uombe waangalie upya. Sheria inawapa uwezo huo, lakini lazima uombe wewe mwenyewe.

Mwajiri naye anaweza kukulipia hadi dola 5,250 kwa mwaka bila hiyo pesa kukatwa kodi. Soma mkataba: wengi hudai ubaki kazini miaka kadhaa, na ukiondoka unarudisha.

Hatua ya 6: Nyumba mbili, ya huku na ya nyumbani

Mwongozo ulioandikwa na Mmarekani hauna ukurasa huu, na kwetu ndio mzito kuliko yote.

Wapigie simu watu wa nyumbani kabla hujaanza, usingoje pesa zipungue ndipo ueleze. Taja kiasi utakachotuma kila mwezi na tarehe kitakaporudi kama zamani. Ukisema "nitapunguza kidogo", kila ugonjwa na kila mazishi yatakukuta bila ulinzi. Ukisema "kwa miezi 18 ni dola 150, halafu tutakaa tena", kaka na dada zako wanaweza kupanga na kujazia. Kama uko kwenye chama, omba zamu yako ya kupokea iangukie muhula wa kwanza. Na kama unajenga nyumbani, simamisha ujenzi. Nasema hivi nikijua inavyouma kuona msingi umeota majani, lakini karo na mabati havitoki mfuko mmoja kwa wakati mmoja.

Huku, shida kubwa ni asubuhi. Siku za hospitali huanza mapema, mara nyingi kabla ya saa moja, na mwalimu hapokei sababu ya mtoto. Lazima ujue kwa jina nani atawapeleka watoto shule siku hizo, na nani wa pili asipopatikana wa kwanza. Kama mume na mke wote mnataka kusoma, pokezaneni. Anayetangulia awe yule ambaye masomo yake ya sayansi yanakaribia kuisha muda.

Kuna hali ambazo kuahirisha programu ni busara: mtoto mchanga, kesi ya uhamiaji isiyoeleweka, mashtaka kwenye leseni, ndoa iliyo kwenye moto, ugonjwa wako mwenyewe. Hata hapo somo moja la awali kwa mtandao mara nyingi linawezekana. Lakini "watoto wakikua", "nikimaliza kulipa gari" na "nikizoea kazi" havina tarehe. Ukijisikia unayasema, yape tarehe au yaache.

Hatua ya 7: Chagua shule kwa macho makavu

Thibitisha mambo matatu wewe mwenyewe, kwenye tovuti rasmi. Programu imeidhinishwa na bodi ya uuguzi ya jimbo. Ina ithibati ya ACEN, CCNE au CNEA, mashirika yanayothibitisha ubora wa shule za uuguzi. Bila hiyo BSN na shahada ya uzamili zinaweza kukukataa baadaye. Na asilimia ya wanafunzi wake wanaofaulu NCLEX-RN mara ya kwanza, ambayo bodi nyingi hutangaza kila mwaka. Kama shule inasomesha kwa mtandao, uliza mafunzo ya hospitalini yanafanyikia wapi na nani anayatafuta hayo maeneo.

Walioko California wawe macho na njia ya LVN ya vitengo 30 vya masomo. Inakufikisha kwenye mtihani wa RN, lakini leseni yake inaweza kukataliwa na majimbo mengine. Kama unafikiria kuhamia Texas siku moja, usiichukue njia hiyo.

Ukiambiwa unaweza kupata diploma ya RN bila kukanyaga hospitali, ondoka. Januari 2023 waendesha mashtaka wa serikali kuu walitangaza mashtaka dhidi ya watu 25, wakisema kwamba zaidi ya diploma 7,600 za uongo zilitolewa na shule tatu za kusini mwa Florida. Bodi za majimbo mbalimbali zikaanza kufuatilia leseni za waliozitumia. Anayenunua karatasi ya namna hiyo anahatarisha mgonjwa, anahatarisha leseni aliyonayo, na kwa asiye raia anahatarisha hata kukaa kwake hapa.

Kati ya shahada ya miaka miwili, yaani ADN, na BSN, mtihani wa leseni ni uleule. Kwa mtu mwenye familia ninapendelea ADN ya chuo cha jamii kwanza, kisha BSN kwa mtandao huku hospitali ikichangia. Hospitali nyingi kubwa hutaka BSN, na New York ina sheria iliyotiwa saini Desemba 2017 inayowataka RN wapya kuipata ndani ya miaka 10. Kwa hiyo panga kuifikia, hata kama hutaanza nayo.

Hatua ya 8: Andika tarehe mbili

Chukua karatasi. Juu andika tarehe ya somo la kwanza la awali. Isizidi muhula ujao. Chini yake andika muhula unaolenga kuingia programu, ukikumbuka kwamba dirisha la maombi linaweza kufungwa miezi mingi kabla ya masomo kuanza. Kisha orodhesha yanayotakiwa kuwa tayari: akiba ya matumizi ya miezi mitatu, mtu wa asubuhi, barua ya mwajiri kuhusu saa, jibu la bodi, alama za masomo ya awali. Kila miezi mitatu irudie karatasi hiyo na mwenzi wako. Kitu kimoja kikikosekana, songeza muhula mmoja na uandike tarehe mpya. Vikikosekana vitatu, endelea na masomo ya awali na usiguse programu.

Ukishaingia na mambo yakaharibika, jua tarehe ya mwisho ya kujitoa somo bila kupewa F. Kujitoa kwa wakati kunaacha alama ya W, na W inaelezeka. F kwenye somo la uuguzi inaweza kukufukuzisha kwenye programu. Zungumza na mwalimu na ofisi ya misaada kabla ya kujitoa, kwa sababu kunaweza kukudai urudishe sehemu ya ruzuku.

Na muda wote huo leseni yako ya LPN ihuishwe kwa wakati, na saa za mafunzo endelevu pale jimbo linapozitaka. Ndiyo inayolipa kodi ya nyumba wakati unasoma, ndiyo sharti la kubaki kwenye programu nyingi, na mpaka siku jina lako litakapoonekana tena kwenye tovuti ya bodi likiwa na herufi mpya, kazini wewe bado ni LPN: fanya yanayoruhusiwa kwa LPN peke yake, hata kama jana umefundishwa darasani jinsi ya kufanya zaidi.